Kutoka Kunguru hadi Korongo: Mwongozo wa Kugeuza Utamaduni Uliobandikwa Sifa Kuwa Jamii Mpya ya Viumbe Mchezoni

Mara ya kwanza nilipojaribu kazi hii niliishia kutengeneza kunguru. Katika mchezo wa uhusika (mmoja anasimulia ulimwengu, wengine wanaigiza wahusika, dadu inaamua) tuliokuwa tukicheza Jumamosi jioni, ulimwengu niliouchukua kitabuni ulikuwa na watu wa kuhamahama kwa magari ya farasi: wanawake wa vilemba na karata za ramli, wanaume wa hereni na fidla, na wote, wakubwa kwa wadogo, wezi. Niliona haya kuwasimulia. Nikajiambia dawa ni rahisi, niwavue ubinadamu wawe ndege. Ndege gani anapenda kuokota vya watu? Nikaandika ukurasa mzima: mabawa meusi, viota vilivyojaa vijiko vya majirani, na kwenye takwimu za mchezo pointi mbili za nyongeza kwenye wizi.

Msichana mmoja kati ya wachezaji, aliyekuwa kimya tangu chai imiminwe, akaisoma ile karatasi, akaniuliza: "Kaka, kwa hiyo mtoto wao akizaliwa leo asubuhi, mchana ni mwizi tayari?"

Sikuwa na jibu. Nilipofika nyumbani nikagundua nilichofanya ni kibaya kuliko alivyokiona yeye. Watu wale wa kitabuni walichorwa kwa picha ya Waroma wa Ulaya, wale wanaoitwa "jipsi" (si wenyeji wa mji wa Roma), ambao mababu zao walitoka kaskazini mwa India. Na kunguru ninaowaona kila siku Dar es Salaam ni wale walioletwa Zanzibar kutoka India miaka ya 1890, wakavuka hadi bara, na tangu hapo tunawarushia mawe. Nilichukua watu waliotoka India wakaitwa wezi, nikawageuza ndege waliotoka India wakaitwa wezi. Hata kwa makusudi nisingeweza kulenga vile.

Hatua zifuatazo nilizipata baada ya hapo, nilipoanza upya. Nachukulia kwamba unaendesha mchezo, dadu ya nyuso 20 unaijua, na mahali fulani kwenye daftari lako wapo watu ambao ukifika zamu yao unaharakisha.

Hatua ya 1: Jiulize kama unahitaji viumbe wapya

Mara nyingi huhitaji. Mfano wa watu niliowataja ni Vistani wa mchezo maarufu wa uhusika, Dungeons & Dragons. Walianza mwaka 1983 kama "jipsi" tu ndani ya hadithi ya kutisha ya Ravenloft, jina la Vistani likaja baadaye, na kwa miaka zaidi ya thelathini wakabaki na ramli zao, laana zao na utumishi wao kwa bwana mwovu wa ngome. Juni 2020 wachapishaji, Wizards of the Coast, walikiri hadharani kwamba maelezo yale yanarudia sifa walizobandikwa Waroma, wakaahidi kuyarekebisha. Hawakuwageuza kuwa viumbe wengine. Waliwaacha binadamu, wakafuta baadhi ya mistari, wakawapa watu wa aina mbalimbali. Hiyo ni njia halali na kazi yake ni ndogo.

Njia ya viumbe wapya ina maana pale ambapo chini ya picha mbovu kuna wazo unalolipenda na picha haikubali kubanduka. Mimi nilipenda wazo la watu ambao maisha yao ni njia. Lakini kila niliposema "msafara unaingia kijijini", wachezaji waliona hereni.

Sababu isiyofaa ni kujificha. Kumvika mtu manyoya hakumfanyi asitambulike. Mwaka 2022 kampuni hiyohiyo ilitoa viumbe wanaoitwa hadozee, mfano wa nyani, na historia mpya: mchawi aliwakamata, akawapa akili kwa dawa, akakusudia kuwauza kama watumwa. Waliosoma hawakuhitaji kuelezwa ni historia ya nani ile, na ni matusi gani yanayoambatana na mnyama yule. Mwezi Septemba kampuni ikaomba radhi na kuyaondoa maelezo. Mwafrika akisoma ukurasa ule anausikia shingoni. Basi na wewe ujue wapo watu wa kwingine watakaousikia ukurasa wako shingoni mwao.

Hatua ya 2: Fuatilia kila sifa hadi ilikotoka

Hapa usiwe na haraka. Chukua karatasi, upande wa kushoto andika kila kinachosemwa, upande wa kulia andika kilichotokea. Hii ndiyo sehemu ya karatasi yangu, iliyobaki ilikuwa marudio.

Kushoto: "hawana kwao". Kulia: walifukuzwa. Uingereza ilitunga sheria ya kuwafukuza mwaka 1530, ikiwaita Wamisri, kwa kuwa watu waliamini wametoka Misri. Na ndiko neno la Kiingereza la kuwaita, *gypsy*, lilikozaliwa. Katika nchi ambazo leo ni Romania, Waroma walikuwa watumwa, mali ya watawala, makabaila na nyumba za watawa, hadi miaka ya 1850. Wanazi waliwaua kwa mamia ya maelfu. Usiku wa kuamkia 3 Agosti 1944 kambi yao ndani ya Auschwitz-Birkenau ilimalizwa yote. Na leo walio wengi wana nyumba na anwani kama mtu mwingine yeyote.

Kushoto: "hawana kazi, ni wezi". Kulia: kazi zao zimo kwenye majina ya koo zao. Kalderash ni wafua shaba na masufuria, Lovari wachuuzi wa farasi, Lautari wapiga muziki, Ursari wenye dubu wa kuchezesha.

Kushoto: "lugha ya siri ya wahuni". Kulia: Kiromani ni ndugu wa Kihindi. Mhindi akihesabu *ek, do, tin, char, panch*, Mroma anahesabu *jekh, duj, trin, štar, pandž*. Halafu neno lao la barabara, *drom*, ni la Kigiriki. Lugha imebeba njia iliyopita. Msemaji wa Kiswahili hana haja ya kushangaa: kitabu tulikipata kwa Mwarabu, meza kwa Mreno, shule kwa Mjerumani.

Nilipomaliza nikaona kwamba upande wa kulia hakuna hata kitu kimoja kinachohusu damu. Vyote ni sheria, ajira na majirani. Pointi zangu mbili za wizi zilikuwa zimegeuza sheria ya mfalme wa Uingereza kuwa sehemu ya yai la kunguru.

Hatua ya 3: Chukua swali, acha nguo

Kutoka kwenye karatasi ile toa swali moja tu. Langu likawa hili: watu wanaoishi kwa kupita, wanadaiana nini na watu wanaoishi kwa kukaa? Nguo zote ziache. Magari ya farasi, fidla, karata, hereni, vilemba, maneno ya Kiromani, moto wa usiku na msichana anayecheza pembeni yake: hata kimoja kisivuke. Kikivuka kimoja, wachezaji wataivuta picha nzima kwa uzi huo. Wapo wanaosema ubakize kidogo "kwa heshima". Mimi sikubaliani nao. Heshima kwa Waroma ni kusoma habari zao, na viumbe wako siyo mahali pake.

Hatua ya 4: Tafuta mwili unaojibu swali

Usichague mnyama kwa tabia anazosingiziwa. Fisi, mbweha, kunguru na nyoka wana kesi zao tayari. Hatukosi hata misemo: kunguru hafugiki. Chagua mwili ambao mahitaji yake yanazaa maisha unayoyataka.

Mimi nilimpata korongo mweupe. Huyu huzaliana Ulaya, baridi ikikaribia anashuka Afrika, wengine wanafika hadi Tanzania na kusini zaidi. Wazungu walikuwa wakibishana ndege hawa huenda wapi, hadi mwaka 1822 alipopatikana mmoja karibu na Klütz, Ujerumani, akiwa na mkuki wa Kiafrika umepita shingoni. Aliruka nao njia yote. Amekaushwa, yuko Chuo Kikuu cha Rostock hadi leo.

Lakini kilichoniteka ni jinsi anavyoruka. Korongo ni mzito. Akipigapiga mabawa safari nzima atachoka afe. Kwa hiyo hupanda juu ya hewa ya moto inayoinuka kutoka kwenye ardhi iliyopigwa jua, anazunguka bila kupiga bawa, akifika juu anateremka taratibu hadi kwenye hewa nyingine inayopanda. Hewa hiyo haiinuki hivyo juu ya bahari, wala usiku. Ndiyo maana makorongo hawavuki Mediterania katikati. Hubanwa kwenye milango miwili: Gibraltar upande wa magharibi, Bosporus upande wa mashariki.

Tayari una ramani ya kisiasa ya ulimwengu mzima, na hujaandika tabia ya mtu hata mmoja. Watu wenye mwili huu lazima wapite kwenye mlango mwembamba mara mbili kwa mwaka. Anayeumiliki mlango anawatoza. Mvua za mfululizo zikinyesha hawaruki, wanakwama mjini wiki nzima na watoto, na bei ya mkate inapanda.

Tena korongo mweupe karibu hana sauti. Akitaka kusalimu hugonganisha midomo, kata-kata-kata. Na hurudi kwenye kiota kilekile mwaka hadi mwaka, juu ya paa au dohani ya mtu. Mwenye picha ya "hawana kwao" hapa anakwama, maana hawa wana kwao kuwili.

Hatua ya 5: Mwili upande huu, mila upande ule

Hii ndiyo kanuni ambayo ningeibandika ukutani kama ningekuwa na ukuta wa kubandika. Mwili: mabawa, uzito, kutegemea jua, mdomo usio na sauti kubwa. Basi. Ukarimu, ujanja, imani, hasira, ufundi, deni, hayo yote ni mila, na mila lazima ziwe zaidi ya moja.

Nikawagawa makundi matatu. Wa Mlango wa Magharibi wana mikataba ya maandishi na kila kijiji, na makarani wa kuitunza. Wa Mlango wa Mashariki huona mkataba ni tusi. Neno linatosha, na akifa aliyelitoa, mwanawe analirithi. Kundi la tatu wameacha kusafiri. Hili sikulibuni: makorongo wengi wa Hispania na Ureno sasa hukaa huko majira ya baridi, wakila kwenye majalala. Kwenye mchezo wangu waliobaki wanaishi kando ya jiji kubwa, mabawa yamelegea, watoto wao hawajawahi kuuona mlango wowote, na ndugu zao wakipita juu hawajui washuke kusalimu au waendelee.

Kundi la tatu ndilo wachezaji wanalolipenda kuliko yote.

Hatua ya 6: Uvumi wa majirani uupe mzizi

Ukifuta sifa zote mbaya utapata malaika, na malaika wanachosha. Dunia yenye majirani ina uvumi. Uache uwepo, ila mwendesha mchezo ujue ulivyozaliwa.

"Wanajua yajayo." Wiki tatu kabla ya kufika kijijini, korongo wameuona mto wa kusini umekauka. Wanamwambia mkulima asiuze nafaka. Bei ikipanda, mkulima anasema wamepiga ramli. Wa pili, ambaye hakuwasikiliza, anasema wameroga.

"Wanaiba." Mwenye nyumba alibomoa kiota wakati wa baridi apate kuni. Korongo anarudi, anakuta dohani tupu, anakusanya vijiti uani kwa mtu kama mama yake alivyofanya miaka arobaini. Vijiti vya nani? Hapa nilipata kesi iliyotuchukua Jumamosi mbili, na hakuna upanga uliochomolewa: dohani ni ya mwenye nyumba, kiota ni cha korongo, nyumba iliuzwa, na mnunuzi hakuambiwa.

Uvumi mzuri pia uandike. Kusini, wanakokwenda, wanashangiliwa kwa sababu hula nzige. Mhusika anayetukanwa mwezi wa nne na kupikiwa karamu mwezi wa kumi na mbili ana mengi ya kusema.

Hatua ya 7: Jina, na ngeli yake

Sisi tunaocheza kwa Kiswahili tuna mtego wetu wenyewe. Lugha inampa mtu daraja kabla hujamaliza neno. Wa-: Wanyamwezi, Wagiriki, watu. Ma-: majitu, mazimwi. Vi-: vijitu, vizee. Ukiandika "majitu yalikuja", umeshawahukumu, wala hujaeleza wamekuja kufanya nini. Viumbe ambao mchezaji anaweza kuwa mmoja wao wape Wa-, hata wawe na mikia.

Mtego mkubwa zaidi ni wale wafupi wenye ndevu na shoka, wachimba madini wa milimani, ambao Kiingereza huwaita *dwarf*. Wengi huwatafsiri kuwa mbilikimo. Lakini mbilikimo ni neno ambalo watu wamewaitia Batwa na Bambuti wa misitu ya Kongo na Maziwa Makuu, watu halisi, na wengi wao wanalichukia. Ukilitumia umegeuza watu kuwa viumbe wa hadithi bila hata kukusudia. Mezani kwangu wanaitwa Wamwamba.

Kila jamii iwe na majina mawili, la majirani na la wenyewe. Pwani yetu iliwaita Mijikenda kwa jina la Wanyika, watu wa porini, hadi wenyewe walipochagua jina la miji yao tisa. Ndorobo limetokana na neno la Kimaasai la watu wasio na ng'ombe, yaani mafukara. Majirani wa viumbe wangu huwaita Makorongo, kwa dharau ya Ma-, na wengine hutania kwamba ni kwa sababu wanalala makorongoni. Maafisa wa mlangoni huandika Wakorongo. Jina lao wenyewe ni midundo mitatu ya mdomo, miwili ya haraka na mmoja uliochelewa. Haliandikiki. Mezani tunagonga meza.

Jina ulilobuni litamke kwa sauti kabla hujalitangaza. Nilitaka kuwaita Waanga, watu wa angani, nikasikia wanga, nikafuta.

Hatua ya 8: Takwimu

Fupi. Usitoe nyongeza ya akili, hila au wema kwa kuzaliwa. Hata Dungeons & Dragons, toleo la 2024, imeondoa nyongeza hizo kwenye jamii ya viumbe ikazipeleka kwenye malezi ya mhusika. Vya mwilini tu:

Juani, juu ya nchi kavu, Mkorongo hupanda mita 20 kila zamu, dadu ikitoa 8 au zaidi. Juu ya maji au usiku hushuka mita 3 kila zamu, apende asipende. Hawezi kupiga kelele. Akiongea lugha za wengine ni kwa mnong'ono. Mgongano wa mdomo wake husikika mita 200, na mwenzake yeyote anauelewa.

Kujua njia usikufanye kipaji cha damu. Makorongo wachanga hufuata wakubwa, na wako nao wajifunze hivyo. Yatima hajui njia.

Hatua ya 9: Jaribu kuivunja

Kipimo cha kwanza: futa jina la viumbe, weka jina la watu halisi uliowatoa huko, soma ukurasa kwa sauti. Sentensi ikikufanya utazame mlangoni kama kuna anayesikia, ikate. Kipimo cha pili: tengeneza wahusika watatu wasiofanana, mmoja awe mchoshi kabisa. Jamii isiyoweza kutoa mtu mchoshi bado ni kibandiko. Kipimo cha tatu ni meza yenyewe, na kabla ya dadu ya kwanza mkubaliane: hakuna kuigiza lafudhi ya watu wowote wa kweli.

Karatasi mpya nilimpa kwanza yule msichana wa swali la kunguru. Aliisoma mara mbili, akachukua kalamu. Mhusika wake ni karani wa mikataba wa Mlango wa Magharibi, anaogopa kimo, anapenda risiti, na amepanda punda njia nzima huku ndugu zake wakizunguka juu. Walipofika mlangoni, ofisa alimwuliza jina. Akagonga meza mara nne, ya tatu kwa kifundo cha kidole. Nikamwambia jina la watu wake ni midundo mitatu.

"Najua," akasema. "Hilo la nne ni langu."

Kwenye karatasi ya mhusika, penye nafasi ya jina, ameweka nukta nne, ya tatu ameikoleza.